Kaburi la Mume Wangu Aliye Hai

Bwana asifiwe, watu wa Mweso! Jamani, itikieni kwa nguvu, pikipiki imenitikisa kutoka Kingi mpaka hapa na mgongo si wangu tena. Bwana asifiwe! Haya, asanteni.

Mimi ni Mama Mapendo, mke wa Papa Mapendo, yule aliyekaa kule nyuma karibu na dirisha, mwenye shati la bluu. Mtazameni vizuri. Mwanaume huyo nilimzika.

Msicheke kwanza. Au chekeni, hata mimi kuna siku nacheka. Nimekuja kushuhudia wema wa Mungu, lakini nawaambia mapema kwamba ushuhuda wangu haukunyooka. Anayetaka ulionyooka, angoje mwingine atakayesimama baada yangu.

Zamani nilikuwa Mkristo wa Noeli na wa harusi. Nilikuwa na shamba langu la maharage, watoto wangu watatu na mdomo wangu mkali, basi. Mume wangu alipoona shamba halitulishi, aliaga kwenda machimbo ya Omate kuchimba mawe ya dhahabu. Nilimkataza, akakataa kukatazwa. Nilimtukana mpaka akapotea kwenye kona ya njia, na neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu siwezi kulirudia kanisani.

Msimu mmoja ukapita bila habari. Kisha akaja mchimbaji mmoja, amebeba koti la mume wangu, lile la kijani lenye kiraka begani nilichokishona kwa mkono wangu. Alisema shimo liliwaangukia. Uso wa marehemu ulikuwa umeharibiwa na udongo, wakamtambua kwa koti, wakamzika kule kule mbio mbio kwa sababu milio ya bunduki ilikuwa inakaribia.

Kwetu, mtu asiyezikwa nyumbani hatulii, na waliobaki nao hawatulii. Kaka mkubwa wa mume wangu, Papa Kubuya, alikata shina la mgomba lenye urefu wa mtu. Tulilifunga katika blanketi letu zuri, tukalizika nyuma ya nyumba na kusimamisha msalaba wenye jina lake. Pasta aliliombea shina lile huku amefumba macho kwa nguvu, nadhani asione anachokiombea. Nilinyolewa nywele. Nililia matanga yote mpaka sauti ikakauka, na kila nilipolia nilisikia lile tusi langu.

Ndugu zangu, hapo ndipo Mungu aliponikuta! Kina mama wa kanisa walikuja na majembe yao. Hakuna aliyenihubiria. Walipalilia shamba langu lote, wakala viazi, wakarudi kwao. Wiki iliyofuata nilikuwa napalilia peke yangu, mara nikajisikia naimba. Nilishtuka! Nikanyamaza, nikaangalia huku na huku kama kuna aliyenisikia. Halafu nikaanza tena. Uchungu ulikuwepo, lakini haukunikaba tena. Nikasema, ee Mungu, kumbe uko hata hapa kwenye maharage! Nilitubia mdomo wangu, nikabatizwa mtoni, nikapewa nafasi kwenye benchi la wajane. Nilisimama mbele ya kanisa letu la Kingi nikashuhudia jinsi Bwana anavyomfariji mjane. Watu walilia. Nikajua kwamba Mungu sasa nimemwelewa.

Kisha mume wangu akarudi.

Ilikuwa mchana, napepeta maharage uani. Nikaona mtu mwembamba kando ya uzio, kwenye migomba, ndevu zimemjaa mpaka shingoni. "Hodi, Mama Mapendo." Ungo uliruka huku na maharage yakaruka kule. Watoto walikimbilia kwa jirani. Papa Kubuya alitoka na fimbo, akasimama katikati yetu.

"Usiingie! Weye tulishakuzika! Muntu mwenye alizikwa hapitie ku mulango!"

"Mulinizika wapi, kaka? Si niko hapa?"

Papa Kubuya alimwamuru asimame pale pale kwenye migomba mpaka atafutwe kuku mweupe, na shina lifukuliwe na kutupwa mtoni, kifo kiende nalo. Pasta akaitwa. Alimtazama mume wangu, akalitazama kaburi, akamtazama tena mume wangu. "Munipatie siku mbili," alisema, "niombe kwanza."

Na mimi je? Mnadhani niliruka kwa furaha? Sikufurahi, ndugu zangu! Niliogopa, kisha nikakasirika, na niliyemkasirikia alikuwa Mungu. Nilimwambia, Bwana, ulinifariji kwa kifo gani? Ule wimbo shambani ulitoka kwako au nilijidanganya? Nimesimama mbele ya kanisa lako nikashuhudia uongo! Mume wangu yuko pale, nami nimeshikilia nguzo ya jikoni, sijui nimkimbilie au nimkimbie. Niliona kwamba nikimpokea yeye, imani yangu yote inaanguka, kwa sababu niliipata juu ya kaburi lake.

Mume wangu akanyoosha shingo kuangalia shamba. "Mama Mapendo," akauliza, "ile maharagi ya kule chini, mulishavuna?"

Mdomo wangu ulijibu kabla ya kichwa. "Tulishavuna. Mvua iliharibu nusu."

"Nilikuambiaka mupande mapema."

Ndugu zangu, alikuwa yeye! Mzimu hauji kumgombeza mtu kwa ajili ya maharage! Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikakumbuka kwamba hata Bwana wetu alipofufuka, rafiki zake walimdhania mzimu, naye akawaomba chakula. Nilipakua bugali na mboga ya sombe, nikapita mbele ya fimbo ya Papa Kubuya, nikamkalisha mume wangu kati ya migomba ale.

Alipokuwa kwenye sahani ya pili, aliuliza ni nani aliyetuambia kwamba amekufa. Nikamletea koti. Akaacha kula.

"Hii koti nilipatiaka Janvier," alisema. "Siku nilitoka Omate. Alikuwa anatetemeka na homa."

Alikuwa ameondoka siku moja kabla ya shimo kuanguka. Alikwenda kutafuta kazi mbele zaidi msituni, naye homa ikamlaza miezi katika kibanda cha mwindaji, hana simu, njia zimefungwa na vita. Hakujua lolote. Kifo cha mwenzake alikisikia kutoka kinywani mwangu, tonge bado liko mkononi. Alilia pale chini kama sisi tulivyomlilia yeye.

Kuku mweupe alipatikana. Mume wangu aliingia kwa mlango wa nyuma, kwa heshima ya kaka yake, na kuku tulimla wote, hata pasta alikula. Lakini Papa Kubuya aliposhika jembe kufukua shina, mume wangu alimshika mkono. "Acha, kaka. Hapa iko na muntu." Papa Kubuya akaliweka jembe chini.

Sijaelewa mpaka leo. Namshukuru Mungu aliyenirudishia mume, na shukrani ikifika mdomoni naona haya, kwa sababu mahali fulani kuna mama anayemngoja wake. Nimemuuliza Mungu kwa nini, hajanijibu. Lakini ile faraja siiiti tena uongo. Marehemu alikuwa wa kweli, machozi yalikuwa ya kweli, na Mungu aliyenishika alikuwa wa kweli. Mimi nilikosea jina tu. Basi wewe ambaye mambo yako yamevurugika, usingoje yaeleweke ndipo umwamini Yesu. Utangoja sana! Mimi namtumaini hivi hivi, kichwa kimechafuka na jembe liko mkononi.

Nimeomba kusema hapa Mweso kwa sababu hapa watu wamefika kutoka kila upande wakikimbia vita. Janvier alitoka Walikale, vijiji vya msituni. Mtu mzima, mwenye ndevu fupi, jino moja la mbele limevunjika. Kabla ya kuchimba alikuwa mtega mitego. Alipenda kusema hakuna anayetwanga ndizi kama mama yake. Jina lake lingine mume wangu hakulijua.

Mama wa Janvier, kama uko hapa, au kama yuko hapa anayekujua, sikia. Mtoto wako hakukosa wa kumlilia. Tulimfunga blanketi zuri. Mimi nilinyoa nywele kwa ajili yake, na kila Jumamosi tunapalilia kaburi, mimi na Papa Mapendo. Msalaba bado umesimama. Jina la mume wangu tumelikwangua, na pale palipokwanguliwa hatujaandika kitu. Njoo Kingi, mama. Utuambie jina lake lote, tuliandike.