Syokau Mwololo, Fundi Aliyekataa Mkasi

Ijumaa tarehe 27 Novemba 2009, Syokau Mwololo, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Nzisa, atafunga droo ya meza yake hapa Karakana ya Uzi Mwema, Kitengela, na kustaafu rasmi. Atakuwa ametimiza miaka kumi na minane na karibu miezi tisa kazini. Kwa muda huo wote amechelewa mara moja tu, asubuhi ambayo ng'ombe walilala katikati ya barabara karibu na Isinya na hakuna aliyeweza kuwashawishi waamke.

Alizaliwa Masii, na huko ndiko alikofundishwa na shangazi yake kufuma lesi kwa kulabu. Aliolewa Kajiado, ambako mumewe, Mzee Mwololo, alikuwa akifanya kazi ya kuchonga mawe. Machi 1991 alifika mlangoni petu na kikapu kilichojaa vitambaa vya viti alivyofuma mwenyewe. Meneja wetu wa wakati huo, Bwana Njogu, alivikagua, akaridhika, akamuuliza kama amewahi kutengeneza mwanasesere.

"Sijawahi," Syokau akasema, "lakini nimezaa watatu."

Akaandikwa kazi siku hiyo hiyo. Mwanasesere wake wa kwanza alikuwa na kichwa kama boga na hakuweza kusimama. Wa pili alisimama. Wa tatu aliwekwa dirishani, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amenunuliwa.

Kwa wageni watakaosoma kijitabu hiki kwenye sherehe, niwaeleze kidogo kazi yenyewe. Wanasesere wetu si wa kuchezewa, ni wa kupamba meza na kabati. Tunawatengeneza kwa hankachifu za zamani, zile za pamba au kitani zilizodariziwa kwa mkono, ambazo tunaletewa na makanisa na familia au tunazichambua kwenye mitumba. Unaweka kibonge cha pamba katikati ya hankachifu, unakifunga kwa uzi kiwe kichwa, unapiga fundo kwenye ncha mbili ziwe mikono, na kitambaa kilichobaki kinateremka kuwa sketi. Kisha unamvika kofia na aproni ya lesi. Hakuna kinachokatwa. Ukilegeza uzi na mafundo, mwanasesere anarudi kuwa hankachifu.

Mwaka 1995 desturi hiyo nusura iishe. Wateja walikuwa wengi, hankachifu zilikuwa chache, na Bwana Njogu akaamua kila moja ikatwe vipande vinne ili itoe wanasesere wadogo wanne. Syokau alikataa, mbele ya watu wote.

"Bwana Njogu, hii kitu ilikuwa ya mtu," alisema. "Tukiifunga tu, siku moja inaweza kufunguliwa. Ukishakata, umekata."

Bwana Njogu hakuwa mtu mbaya, ila siku hiyo alikuwa na haraka. Alimwondoa Syokau kwenye meza ya ufundi na kumpeleka kwenye meza ya pasi, na huko akakaa miezi saba. Mkasi nikapewa mimi, Wamaitha. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na sitaficha kwamba niliufurahia. Wanasesere walitoka kwangu kama mikate, na nilipopita karibu na meza ya pasi nilipenda watu waone kapu langu lilivyojaa. Syokau hakuninunia. Alinipigia pasi vipande vyangu vizuri kama alivyopiga vya wengine.

Mwezi wa Oktoba akaja Mzee Simel, mfugaji kutoka Bissil. Mkewe alikuwa amefariki mwezi wa Agosti. Wanawake wa boma walipokusanya vitu vya marehemu, mfuko mmoja wa nguo ulipelekwa kanisani, na kanisa likatuletea sisi.

"Sitafuti nguo," mzee alisema, akiwa bado amesimama. "Natafuta kitambaa kidogo, nyeupe, iko na maua ya buluu na jina. Nashipae. Alishona akiwa shule, kabla hajanijua."

Niliijua hankachifu hiyo kabla hajamaliza kusema. Jina lilikuwa limedariziwa kwenye upindo wa chini, na mkasi wangu ulikuwa umepita katikati yake, NASH upande mmoja, IPAE upande wa pili. Siku ya kuikata nilikuwa nimecheka na kusema nimepata wanasesere wawili wenye majina. Sasa nilitazama sakafu.

Syokau aliweka pasi chini. Alijua ni nani aliyekata, maana kila kipande kilikuwa kimepitia kwake. Akamletea mzee kiti na chai.

"Mzee, tupe wiki tatu," akamwambia. "Iko, lakini imetembea."

Mzee alipoondoka nilianza kulia. Syokau alinipa kitambaa, kisha akasema, "Machozi utayamalizia baadaye. Vipande vilienda wapi?"

Mwanasesere mmoja alikuwa bado kabatini. Wa pili, yule wa NASH, alikuwa amepelekwa kwenye duka la zawadi kule Ngong. Jumamosi tulienda pamoja, tukamkuta kwenye rafu katikati ya vinyago, na mwenye duka akakubali kumbadilisha na mwingine. Wa tatu alikuwa kwa mwalimu mmoja wa Isinya, Mwalimu Nalianya, ambaye alikuwa amemweka kwenye meza yake ya sebuleni. Alitusikiliza tukiwa mlangoni, akaingia ndani, akarudi naye. Tulipomwambia tutamletea mwingine alitikisa kichwa. "Mpelekeeni mzee," alisema. "Hilo linatosha."

Wa nne, yule wa IPAE, alikuwa amenunuliwa na mgeni aliyekuwa safarini kuelekea Namanga. Alikuwa ameshavuka mpaka, na hatukujua hata jina lake.

Mimi nilikuwa na jibu tayari. Nikapendekeza tutafute kitani kinachofanana, nidarizi maua na herufi nne kwa uzi wa buluu, na mzee hangejua tofauti. Mkono wangu ulikuwa mzuri na nilitamani sana jambo lile liishe.

"Tukimdanganya mzee," Syokau alisema, "tutakuwa tumeikata mara mbili."

Kwa siku tisa, kila saa ya chakula cha mchana, aliketi dirishani na kulabu yake nyembamba kuliko zote. Aliviunganisha vile vipande vitatu kwa utepe wa lesi usiozidi upana wa ukucha. Pembe ya nne, ile iliyopotea, akaijaza kwa lesi tupu. Ndani ya lesi hiyo, kwa kuziba matundu fulani na kuacha mengine wazi, aliandika herufi I, P, A na E. Niliketi kando yake nikimshikia uzi, na hakunitaka niseme lolote. Sijawahi kuona kazi nzuri kuliko ile, na ninalisema hili nikiwa nimeona kazi zake nyingine zote.

Mzee Simel aliporudi, Syokau alimkunjulia hankachifu mezani na kumweleza kila kitu, ila hakutaja jina la aliyekata. Alisema "sisi tulikata." Bwana Njogu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Ndipo nikapata sauti.

"Ni mimi, mzee. Mimi ndiye nilikata."

Alinitazama. Kisha akapitisha kidole juu ya kitani, polepole, mpaka kikafika kwenye lesi, kikasimama hapo.

"Hii ni mkono yake," alisema. "Na hii ni mkono ya mwingine. Nitajua kila siku. Lakini jina imefika mwisho."

Aliikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati chini ya shuka. Alipokuwa akitoka alimwelekezea Syokau fimbo yake na kuniambia, "Wewe, kaa karibu na huyu."

Jumatatu iliyofuata Bwana Njogu alipita meza kwa meza akikusanya mikasi yeye mwenyewe, akatuachia ile midogo ya kukatia uzi. Alimwomba Syokau msamaha mbele ya wale wale waliokuwepo alipomhamisha. Alipoondoka hapa mwaka 1999, ndiye aliyependekeza Syokau awe mkuu wa ufundi.

Sitaki mdhani amekuwa mtakatifu. Ana kiburi cha chai yake ya tangawizi, ambayo inaweza kuwasha koo la ngamia. Ana tabia ya kuwapa wanasesere majina ya akina mama wa kanisa lake kulingana na maumbo yao, na mwaka 2002 mmoja wa akina mama hao alizuru karakana, akajiona kabatini. Mvua za El Niño za 1997 zilipojaza matope ghalani, Syokau alifua hankachifu mia nne kwa mikono, akazipaka wanga na kuzianika kwenye ua wote mpaka wapita njia wakauliza ni harusi ya nani. Mbuzi mmoja alikula kumi na moja. Syokau alimfukuza mbuzi huyo hadi kwa mwenyewe, Mama Kui, wakagombana vikali, na mwezi uliofuata Mama Kui akaja kuomba kufundishwa lesi. Yupo nasi hadi leo.

Wanawake arobaini na watatu wamejifunza kazi mezani kwake, Wakamba, Wakikuyu, Wamaasai, Waluhya. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, wakati watu wa Kitengela walikuwa wakiogopana, alifungua mlango kila siku na kutuketisha mmoja mmoja mahali petu pa kawaida. Hakuhutubia. Aligawa nyuzi.

Sasa macho yamemchoka. Daktari amesema upasuaji utasaidia, lakini sindano nyembamba aiage. Nilipomuuliza kama inamuuma, alisema ndiyo, inamuuma sana, kisha akaniuliza kama nimelipata lile fundo nililokuwa nikilitafuta kwenye lesi niliyoshika. Nilikuwa sijalipata. Akalipata yeye, kwa kidole.

Kuanzia Jumatatu nitakaa mezani kwake. Nilimwomba aniachie na kiti. Amekataa, anakibeba hadi Kajiado, anasema amekizoea kuliko mumewe.

Mama Nzisa, asante kwa kazi ya mikono yako, na kwa siku ile uliposema "sisi." Tunakuombea macho mapya, mvua kwa wakati wake, wajukuu wanaosumbua kwa kiasi, na miaka mingi yenye heri ukiwa umeketi kwenye kiti chako.

Wamaitha Gakuru, kwa niaba ya wafanyakazi wote