Kidole cha Bi Tabia

Gari la Chwaka lilipopita Dunga kuelekea mjini, Fathiya, abiria wa kiti cha nyuma, aliacha kujifanya anasinzia. Mbele yake, msichana mwenye bahasha mapajani alikuwa akimweleza jirani yake wa safari, Bi Tabia, mkulima wa mwani, kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi chuoni: udaktari au sayansi ya bahari.

"Mimi nataka kuusoma mwani, bibi. Nijue kwa nini unaoza."

Bi Tabia alicheka bila furaha. "Washakuja wa kuusoma. Wakaukata, wakaupima, wakatuuliza maswali mpaka maji yakajaa. Jawabu mpaka leo hatujaliona. Daktari walau hunitazama usoni."

"Akakupa dawa ya kupaka, ukarudi baharini kulekule."

"Nshapaka, nkalala. Huo utafiti wako utanilaza?"

Msichana aliigeuza bahasha mapajani. Kisha akasema kwamba tangu matokeo yatoke, baba yake anamwita Daktari, na majirani kila alasiri wanamletea vidonge awasomee karatasi za dawa. "Hakuna aliyeniuliza mwenyewe nataka nini. Hata wewe, bibi, hukuniuliza."

Fathiya aliona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyesemwa; moyoni naye alikuwa ameshamwita Daktari.

Gari likasimama Darajani. Bi Tabia hakuinuka. Alifungua kitambaa alichojifunga mkononi, akatoa kidole kilichovimba, kilichokatwa na kamba za mwani.

"Basi kabla hujashuka, nitazamie hiki, mwanangu. Kishaanza kunuka."

Msichana aliiweka bahasha sakafuni, akaupokea mkono.