Kanyiva Mutie na Presha Iliyopotea Katika Pumzi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, afisa wa kliniki Kanyiva Mutie anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mingi kati yake hapa hospitalini kwetu Mtito Andei. Alianzia Kalamba, ambako inasemekana alikuwa mpole. Sisi hatukubahatika kumwona wakati huo.

Huku tulimjua kama mtu asiyependa kelele wala haraka. Mashine mpya za kupima presha zilipoletwa, alizipokea kwa tabasamu, kisha akaendelea na mkanda wake wa kujazwa upepo kwa mkono. Madereva wa malori wakinung'unika kwenye foleni, aliwajibu kwamba barabara ya Mombasa haihami.

Siku moja akaletwa Kusow, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa safarini na mkewe, Hodo. Alikuwa akihema, hawezi kulala chali, mishipa ya shingo imevimba. Mashine ilitoa namba tofauti kila mara, tukadhani imeharibika. Kanyiva alimfunga mkanda wake, akaanza kutoa upepo polepole. Lakini nje kulikuwa na mkutano wa injili, na vipaza sauti vilitikisa madirisha. Akatoka mbio, stethoskopu shingoni.

"Mchungaji, nyamaza kidogo! Nasikiliza moyo wa mtu!"

Mchungaji akanyamaza. Umati mzima ukanyamaza.

Kanyiva akarudi ndani, na ndipo aliposikia vizuri. Kusow akitoa pumzi, mapigo yanakuja, akivuta, yanapotea. Presha ilikuwa ikishuka kupita kiasi kila alipovuta pumzi.

"Daktari Mwau, nadhani moyo umezingirwa na maji. Unabanwa," alimwambia daktari wetu wa zamu.

Altrasaundi ilithibitisha. Mwau aliingiza sindano kifuani na kuyavuta maji, Kanyiva akiwa ameshika mkono wa Kusow, vidole kwenye mshipa. Presha ilipopanda na kutulia, Hodo alilia. Kanyiva pia, ingawa mpaka leo anasingizia vumbi.

Maji hayo yaliletwa na kifua kikuu. Kusow alitibiwa, akapona, akarudi na mbuzi wa shukrani. Kanyiva alikataa katakata. Alipokuwa bado akitoa mawaidha kuhusu zawadi kazini, mbuzi alikula ratiba ya zamu iliyobandikwa mlangoni.

Sasa anaenda Kwa Vonza kulima ndengu na mumewe, Musyoka, ambaye tunamwombea subira.

Kanyiva, asante kwa kutufundisha kungoja pumzi nzima kabla ya kuandika namba. Tunakutakia afya, mvua ya wakati wake, na kikombe cha chai ambacho hakuna atakayekuita kabla hujakimaliza.