Ua la Roshani ya Bi Khatun

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika katika hitima hii, kwa niaba ya familia tunakusomeeni, kwa ufupi, maisha ya mama na bibi yetu, Bi Khatun Kazim.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1952, Mji Mkongwe, akasoma hapo hapo mjini hadi mwaka 1969, kisha akaingia kazi ya ushonaji katika duka moja la Mlandege, alikodumu mpaka mwaka 2010, macho yalipokataa kutia uzi kwenye sindano.

Novemba 1976 aliolewa na marehemu Haitham Msabah, mpima ardhi, wakahamia Michenzani, na Mwenyezi Mungu akawajaalia mtoto mmoja, Maryam. Ni Haitham aliyempeleka kijijini Muyuni, masika ya mwaka 1983, akamwonesha ua jekundu la mviringo linalochomoza baina ya mawe bila hata jani, akamchimbulia kitunguu chake, wakakipanda katika debe la samli kwenye roshani. Mwaka uliofuata Haitham alikwenda Maskati kutafuta maisha, na mlangoni alimuusia mkewe asiliache debe likauke, kwani angerudi walitazame ua pamoja likichanua. Hakurudi, alifariki mwaka 1987, akazikwa huko huko, na kaburi lake Bi Khatun hakulitia machoni.

Basi alilimwagilia debe lile, masika na kiangazi, na hata maji yalipokatika alipanda ngazi na ndoo kichwani, kikombe cha kwanza kikawa cha ua, sisi wa nyumbani tukasubiri chai. Lilitoa majani mazuri, ua halikutoa. Kila masika alikwenda Muyuni kuyatazama ya porini, na mwenyeji wake, Bi Mwatum, alimweleza waziwazi kwamba kitunguu kile hakichanui mpaka kilale kikavu kiangazi chote. Bi Khatun alimsikiliza, akamshukuru, akarudi nyumbani akamwagilia. Alimkumbuka mumewe kupita kiasi, na wasia wake hakuthubutu kuuvunja. Na tuseme kweli, alikuwa mbishi.

Januari 2025 alilazwa kwa maradhi ya moyo, Maryam akahamia naye hospitali, nyumba ikafungwa. Mgonjwa aliuliza habari za debe kabla ya kuuliza za wajukuu, akajibiwa kuwa lipo salama. Alifariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe 12 Aprili 2025, mvua za kwanza zikinyesha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Michenzani waliobeba jeneza, na washonaji wenzake wa Mlandege waliomkatia sanda kwa mikono yao.

Leo asubuhi Maryam alifungua roshani. Debe lililokauka tangu Januari lilikuwa limerowa mvua, na ua limesimama, jekundu, bila jani, kama ya Muyuni. Maryam aligeuka ndani kumwita mama yake.

Pumzika kwa amani, Bi Khatun, wewe na uliyekuwa ukimsubiri.