Mti wa Mwisho Ulikuwa wa Getini Kwetu

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kutusindikizia Baba, nimesimama hapa kama mtoto wake wa kwanza. Mama amenipa masharti mawili: nisilie kabla ya kumaliza kusoma, na nisimpake Baba mafuta kwa sifa tamu, kwa sababu mwenyewe hakupenda. Hilo la pili nitalitimiza. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Debe, na wengi mlijua kwamba kwa miaka mitatu na miezi miwili hakuvuka geti la nyumba yake. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, nami nitakieleza kwa mpangilio.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Babu yetu alikuwa mnoa misumeno wa kiwanda hicho. Bibi alikuwa akisimulia kwamba Baba alipokuwa mchanga alisumbua siku za Jumapili tu, kiwanda kikifungwa, kwa sababu hakuzoea kulala kwenye ukimya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza 1965, akaendelea na sekondari hadi 1969. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwalimu wake wa kilimo aliandika kwenye ripoti, ambayo Mama anayo hadi leo, "Ana bidii, ila huamini upesi anachokiona." Kwa miaka miwili alinoa misumeno pamoja na baba yake, kisha mwaka 1972 akajiunga na chuo cha kilimo, akapata cheti cha bustani mwaka 1974. Hakuwa na ndoto ya mjini hata kidogo. Alitaka kitalu chake mwenyewe, miche ya matunda, maji karibu, na asiwepo mtu wa kumwambia njoo wala nenda.

Tarehe 2 Mei 1975 aliajiriwa na halmashauri ya mji, idara ya bustani. Alimwambia babu kwamba ni kwa muda tu. Kazi yake ilikuwa kuchagua miti na vichaka vya kupandwa kandokando ya barabara, kwenye shule, hospitali, masoko na viwanja vya wazi. Huo muda tu ulikula karibu miaka thelathini na sita.

Mwaka 1977 mkuu wa idara alimpa siku mbili aandike orodha ya miti inayofaa mji mzima. Aina nane alizifahamu vizuri. Ya tisa aliikuta nyuma ya stoo ya idara, imepandwa kwenye debe: jamii ya mkuyu, majani madogo yanayong'aa, umbo la kupendeza, kimo cha mita moja na nusu. Mtunza kitalu akamwambia mti huo umekaa pale miaka tisa. Baba akapiga hesabu zake: kama kwa miaka tisa umefika hapo tu, basi hiki ni kichaka. Akaandika, "Kimo cha juu, mita tatu. Mizizi haina madhara." Wale mnaofanya kazi hii mmeshaona kosa lilipo. Mti ule ulikuwa mfupi kwa sababu debe lilikuwa limeibana mizizi na haukuwa na pa kwenda. Kati ya 1978 na 1981 miche mia nne na kumi na miwili ya mti huo ilitolewa kitaluni ikatiwa kwenye ardhi ya mji, ikapata nafasi.

Katikati ya pilikapilika hizo, tarehe 8 Septemba 1979, marehemu alifunga ndoa na Mama yetu, mwalimu wa shule ya msingi. Siku aliyokwenda kujitambulisha ukweni, wakwe wanasubiri aseme kilichomleta, yeye akawa anachungulia dirishani. Mwishowe akasema, "Samahani Mzee, ule mti wa nyuma utawaangukia jikoni." Babu mzaa mama akamwuliza, "Kijana, umekuja kuposa au umekuja kukagua?" Waliendelea kumtania hivyo hadi mti ulipoanguka, miezi minne baadaye, jikoni. Kuanzia hapo akapewa heshima zote za mkwe.

Mama alikuja na kile hasa alichokuwa akikiota Baba: shamba dogo lenye kijito, alilorithi kwa mjomba wake katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Walikubaliana kwamba ikipita miaka mitano watahamia huko na kuanzisha kitalu. Kwa wakati huo wakaishi katika nyumba ile ile mnayoijua. Tarehe 3 Aprili 1980, wiki niliyozaliwa mimi, Baba alipanda mmoja wa miche ile mbele ya geti kwa mikono yake, kwa furaha. Tulianza kukua pamoja, mti ukaniacha mbali.

Ilipofika 1985 vichaka vya mita tatu vilikuwa vimepita mapaa ya ghorofa. Mizizi iliinua vigae vya njia za miguu, ikaingia kwenye mabomba, na vyoo vya shule moja vikaanza kurudisha kila vilichopewa. Mtu mmoja pale idarani akavujisha habari ya debe, na Baba akapata jina. Mkuu wa idara hakumfukuza. Alimwambia, "Uliyeleta ndiye utakayeondoa." Marehemu aliandika barua sita za kuomba kuacha kazi kwa heshima au kuhamishwa, na zote ninazo. Jibu lilikuwa lile lile, kama vile walipiga chapa moja: ombi lako litafikiriwa suala la miti litakapokamilika. Miaka mitano ya shamba ikapita, ikaja mingine. Mama alikuwa akisema mume wake ana wake mia nne na kumi na tatu, na yeye ndiye wa mwisho kuangaliwa. Tulicheka. Mama hakuwa akicheka sana.

Mwaka 1991, tarehe 19 Juni, idara iliitisha mkutano wa wakazi kuhusu kuiondoa miti hiyo. Hapo akasimama fundi viatu wa kona ya posta, ambaye yuko nasi hapa leo, na wakati ule alikuwa ameshakaa miaka sita chini ya mmojawapo. Akasema, "Mnatuletea mti, tunauzoea, tunafanyia kazi chini yake, halafu mnakuja na msumeno. Mimi nikakae wapi, juani? Na ule wa getini kwako, Bwana Debe, utaukata lini?" Watu wakapiga makofi. Baba akajibu mbele ya wote, "Hakuna mti utakaokatwa kabla mwingine haujakua pembeni yake wa kumfunika mtu aliyekaa. Na wangu utakuwa wa mwisho." Neno hilo liliandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Hakuna aliyemlazimisha kulisema.

Nataka mjue alivyofanya kazi kuanzia hapo, maana ndiyo sehemu ya maisha yake ninayojivunia. Kila mahali alipotaka kupanda mti mpya alikwenda na kigoda, akakaa kutwa nzima. Aliandika jua linapigia wapi saa ngapi, waya zinapita wapi, bomba liko chini kiasi gani, nani anauza wapi, watoto wanasubiria wapi. Penye watoto hakuweka miiba. Penye wagonjwa wanaopumzika nje hakuweka maua yanayoita nyuki. Mti unaodondosha matunda laini hakuuweka juu ya njia ya miguu, na wenye majani mengi hakuuweka karibu na mfereji. Alikataa kuupendekeza mti wowote ambao hakuwahi kuuona ukiwa mzee, umesimama ardhini. Muuza magazeti mmoja alimwuliza, "Mzee, mti tu unahitaji upelelezi wote huu?" Baba akamjibu, "Ule wa kwanza sikuupeleleza. Uliza choo cha shule."

Alistaafu tarehe 14 Machi 2011. Ilibaki miti hamsini na nane. Mama alikuwa ameshafunga mizigo ya shamba. Baba aliomba mwaka mmoja, kisha mwingine, akaendelea kwenda na kigoda chake bila kuajiriwa na mtu, pamoja na afisa wa miti aliyemrithi, dada ambaye hadi leo anamwita Mwalimu. Mizigo ilifunguliwa kidogo kidogo, sufuria moja moja, kila moja ilipohitajika.

Tarehe 9 Agosti 2016 alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikagoma, na tangu hapo alitembea kwa kiti cha magurudumu. Siku tuliyomrudisha kutoka hospitali ndipo tulipolielewa geti letu. Mizizi ilikuwa imeinua sakafu ya getini miaka yote hiyo, na sisi tulikuwa tukipita ubavu bila kufikiri. Geti lilifunguka sentimita arobaini na tatu. Kiti kilikuwa na sentimita sitini na sita. Majirani wanne walimbeba wakampitisha juu ya ukuta. Alipowekwa chini alisema, "Mmenipitisha kama sofa. Sitoki tena hivi." Fundi mwashi alikuja kutazama ukuta, akasema mizizi imeushika wote, ukigusa hapa na baraza linafuata. Muuguzi akawa anamfuata nyumbani kila wiki.

Afisa alikuwa tayari kuukata mti huo kesho yake. Baba alikataa. Ilibaki miti ishirini na mmoja, na huu ulikuwa wa mwisho. Nilihamishia cherehani yangu sebuleni ili nimwangalie, na hapo tukakaa, yeye dirishani, mimi kwenye mshono, mti ukiwa umetuzibia mwanga hata saa sita mchana nikawasha taa kutunga uzi. Nilimkasirikia. Nasema hivyo mbele yenu kwa sababu nilimwambia na yeye. Tarehe 6 Januari 2018 nilimwita mtu wa msumeno bila ruhusa yake. Injini iliponguruma, Baba aligonga kioo kwa kijiko hadi kikapasuka.

"Nani amemtuma?"

"Ni mimi, Baba. Nataka utoke."

"Ukinitoa hivyo, nikifika kona ya posta nitamtazama vipi yule mtu?"

"Hata hapo posta hufiki! Umefungwa humu na maneno yako mwenyewe."

"Najua," alisema. "Unafikiri sijui, mwanangu? Najua kila siku."

Nilimrudisha mtu wa msumeno kwao. Sikuzungumza na Baba siku mbili, naye hakunilaumu.

Afisa alileta hesabu kila mwezi. Ishirini na mmoja, kumi na nne, tisa, minne. Kufikia Agosti mwaka huu ilibaki miwili, wetu na wa fundi viatu. Mti wa kurithi pale posta ulikuwa bado mdogo, unaweza kumfunika mtu kichwa tu. Afisa alikadiria miaka miwili. Daktari hakutupa miaka miwili. Tarehe 30 Septemba fundi viatu mwenyewe alipita ubavu getini, akakaa mbele ya kiti cha Baba na kofia mkononi.

"Bwana Debe, wangu waje waukate."

"Kivuli hakijatosha."

"Nina mwavuli. Mimi ndiye niliyekufunga, sikujua utakaa na neno langu namna hii. Nilikuwa na hasira tu siku ile."

Baba alilia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Mti wa posta ulikatwa tarehe 7 Oktoba, na siku ya Alhamisi tarehe 10 afisa alileta fomu ya wa kwetu. Kazi ilipangwa Jumatatu tarehe 14. Baba alitia saini kwa mkono wa kushoto, akaniambia nimtafutie shati la kutokea. Alitaka akitoka apelekwe kwanza posta, halafu shambani kwa Mama akauone mto. Alisema mto, ingawa ni kijito.

Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2019, saa tatu asubuhi, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Shati lilikuwa limepigwa pasi.

Mafundi waliuliza kama waahirishe. Mama aliwaambia waje siku ile ile. Waliukata Jumatatu, wakang'oa mizizi, fundi akaliweka geti upya, na leo asubuhi mmeona wenyewe. Lilifunguka lote. Baba alipita katikati ya njia, amebebwa na watu sita waliotembea wawili wawili, na hakuna aliyelazimika kugeuka ubavu.

Kwenye fomu ile kuna mstari wa kujaza mti mbadala. Baba aliujaza mara mia nne na kumi na moja, na kila mara aliandika aina, kimo, mizizi na sababu. Afisa alinipa nakala ya fomu yetu jana. Kwa mwandiko wa mkono wa kushoto ameandika, "Hapa msipande kitu. Watu wapite."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja na dada wawili, afisa wa miti aliyemwita Mwalimu, na fundi viatu anayekaa chini ya mwavuli kona ya posta akisubiri mti wake ukue. Kijito bado kipo, na Mama amesema atakwenda.

Mwenyezi Mungu amlaze Baba yetu mahali penye nafasi.