Baiskeli Nyepesi ya Dresa Guleid

Assalamu alaykum, wasikilizaji wapendwa. Ijumaa iliyopita tulimzika Guleid Dagane wa mtaa wa Waberi, hapa Garissa. Wengi mlimwita Dresa. Ndiyo, dresa wa zahanati, mfunga vidonda na mchoma sindano.

Mwaka 1965 vita vya serikali na waasi vilikuwa vimepamba moto huku kwetu. Magari yalitoka mjini kwa msafara wa askari tu. Guleid aliwafuata wagonjwa kwa baiskeli. Zahanati ilimpa achague: nzito ya safari ndefu, yenye fremu nene na keria ya chuma, au nyepesi ya kawaida.

Karani Munyao, mtu wa Ukambani, alimshauri. "Bwana Guleid, wapanda baiskeli wengi hawana haja na gogo kama hili. Wewe mzigo wako ni mkoba wa dawa. Kwenye mchanga huu litakumaliza."

Guleid akachukua nyepesi. Makorongo yakijaa maji ya mvua, aliitia begani akavuka. Mjane wake, Arbia, anakumbuka: "Alirudi nyumbani hajachoka. Wallahi, niliipenda ile baiskeli kuliko alivyoipenda yeye."

Kisha ikaja siku ya Hawo. Hawo aliishi katika kambi ambamo serikali iliwakusanya wafugaji, njia ya Balambala. Uchungu ulimshika, na mtoto akatanguliza miguu. Lori la askari lilikuwa limesimama pale pale langoni mwa kambi. Guleid, aliyekuwa ameitwa, akaliomba limpeleke hospitali mjini.

"Hakuna gari linalotoka leo," askari wa zamu akamjibu.

Basi wakampakia Hawo kwenye baiskeli. Guleid alisukuma, na Aden, mume wa Hawo, akamshikilia mkewe. Hawakufika mbali. Keria yake nyembamba ilikatika, gurudumu la nyuma likapinda. Wakambeba kwa shuka, huku wakihema na kuomba dua. Hawo alijifungua njiani, kivulini mwa mgunga. Mtoto alilia. Mama alitokwa na damu nyingi, akakata roho akiwa ameushika mkono wa Guleid.

Miaka ilipita. Vijana wakimuuliza wanunue baiskeli gani, Guleid aliwajibu, "Wengi wenu, nyepesi inawatosha." Halafu aligeuka kutazama njia ya Balambala. Arbia alijua fikira zake zimekwenda wapi.

Mtoto yule aliyezaliwa njiani ni Sahara. Mwaka jana alikuja kumjulia hali, na mzee akatoa la moyoni. "Ningechukua ile nzito, mama yako angefika."

"Adeer, ami yangu," Sahara akamwambia, "mama hakuuawa na baiskeli. Gari lilikuwapo. Walikunyima."

Arbia anasema mzee alilia kwa muda mrefu. Kisha akaomba chai, akanywa vikombe viwili, akalala hadi alasiri.

Kwako Arbia, kwa watoto wako na kwa Sahara, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Guleid Dagane. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize: ni wazee wangapi majumbani mwetu wanaobeba lawama isiyo yao, na nani amekwenda kuwaambia?