Mtihani wa Seva

Gari letu lilikuwa linapanda milima kutoka ziwani kwenda Mbinga. Mbele yangu, dada aliyejitambulisha kwa jina la Loveth alikuwa anamweleza Mzee Adolf, abiria aliyekaa kando yake, kwamba anawahi Songea, kwenye mtihani wa kusimamia seva, zile kompyuta kuu zinazotunza taarifa za hospitali. "Zamani mashine zilikuwa nyingi, baba. Sasa zote zimo ndani ya moja, kama vyumba ndani ya nyumba. Nisipopata cheti, nafasi yangu anapewa mwingine." Mzee aliitikia kama anayeelewa. Nami pia.

Simu ya Loveth ikaita. Alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Msiguse chochote." Akamgeukia mzee. "Mashine ya hospitali yetu kule ziwani imegoma. Majibu ya vipimo vya wagonjwa hayafunguki."

"Mwenzako hawezi kuitengeneza?"

"Sina mwenzangu, baba."

Mzee alivua kofia. "Mke wangu Walburga amelazwa hospitali hiyo hiyo. Nafuata watoto waje wamtolee damu."

"Mtihani ni leo mchana," Loveth alisema, machozi yakimlenga.

"Sikukatazi kwenda, mwanangu. Nakwambia tu aliyelala mle ni nani."

Tukasimama stendi ya Mbinga. Basi la Songea lilikuwa linapiga honi, na gari la kurudi ziwani lilikuwa linaita abiria. Loveth alishuka na begi lake, akasimama katikati ya magari hayo mawili. Mzee naye alisimama kando yake, hakumwacha achague peke yake.